Diski ya Windows kwenye Linux: ntfs-3g, ntfs3, exFAT, au uhame kabisa?

Mteja aliniwekea mezani diski ya nje ya terabaiti 2 saa kumi na mbili jioni, bodaboda ikimsubiri nje. Alitaka video ya harusi ya dada yake, gigabaiti 60 na ushee, aondoke nayo. Kompyuta yangu ya kuhariria inaendesha Linux. Nikachomeka, diski ikafunguka, mafolda yake yote nikayaona. Nikabandika. Jibu likaja kwamba diski ni ya kusoma tu. Nikaingia terminali nikapiga `sudo chmod -R 777`, dawa ya kila asiyejua anaumwa nini, na skrini ikajaa mstari uleule kwa kila faili: `Read-only file system`.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi ni draiva ipi (programu inayoiwezesha Linux kusoma na kuandika diski) iliyo bora ya kuandikia diski za NTFS, umbizo ambalo Windows hulitumia kupanga faili. Nitalilinganisha hilo hapa chini, lakini nusu ya wanaouliza hawana tatizo la draiva hata kidogo. Tatizo lao liko upande wa Windows.

Nani kaifunga diski?

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza kuzima, haizimi kabisa. Inakutoa wewe kwanza, kisha inahifadhi hali ya mfumo wenyewe kwenye faili ya `hiberfil.sys` ili kesho iwake haraka. Kwa macho yako mashine imezimwa, lakini kwa upande wa diski Windows amesinzia tu, funguo ziko mkononi mwake. Linux ikiandika hapo katikati, Windows ataamka akiwa na picha ya jana ya diski, aanze kuandika kwa kufuata picha hiyo, na kazi yako ichanganywe na yake. Linux inapogoma kuandika, inakuepusha na hilo. Ujumbe wenyewe huwa huu:

```
The disk contains an unclean file system (0, 0).
Metadata kept in Windows cache, refused to mount.
Falling back to read-only mount because the NTFS partition is in an
unsafe state.
```

Dawa iko kwenye Windows. Shikilia kitufe cha Shift unapobofya kuzima, au andika `shutdown /s /t 0` kwenye terminali yake. Ukitaka kuimaliza moja kwa moja, fungua terminali kama msimamizi uandike `powercfg /h off`. Hapo Fast Startup inaondoka pamoja na uwezo wa kulaza kompyuta na kurudi ulipoishia, kwa hiyo mwenye laptopu afikirie kwanza. Jambo la kuchekesha ni kwamba kuwasha upya hufunga diski vizuri kuliko kuzima, maana Fast Startup haihusiki na kuwasha upya.

Diski za nje na flashi kwa kawaida zina kosa jingine: zilichomolewa bila kuaga. NTFS huweka alama ndogo inayosema "sikufungwa vizuri", na alama hiyo hubaki hadi mtu aikague diski. Mtu huyo ni Windows, kwa amri ya `chkdsk E: /f`, ukiweka herufi ya diski yako badala ya E.

Kama hakuna Windows karibu, kifurushi cha ntfs-3g, moja ya draiva nitakazolinganisha, kina `ntfsfix`. Ukipiga `sudo ntfsfix -d /dev/sdb1`, ukiweka jina la diski yako badala ya sdb1, alama inafutwa na mlango unafunguka. Ila ielewe vizuri: ntfsfix hurekebisha mambo machache ya msingi na kufuta alama, haikagui diski kama chkdsk inavyokagua. Mimi huitumia kwenye diski ninayoijua historia yake. Kwenye diski ya mtu mwingine siitumii kabla sijanakili kila kitu pembeni.

Kuna na chaguo la `remove_hiberfile` unapopachika diski (yaani kuiunganisha na mfumo ili ifunguke) kwa ntfs-3g, linalofuta kile Windows alichokihifadhi. Niliwahi kulitumia kwenye laptopu ya jamaa niliyodhani imezimwa tu kwa Fast Startup. Kumbe alikuwa ameilaza, na barua ya maombi ya kazi ilikuwa wazi, haijahifadhiwa. Kwenye Fast Startup mtumiaji huwa ameshatolewa, hakuna dirisha la kupoteza. Kwenye kulaza kwa kweli, kila kilichokuwa wazi kinakwenda na faili hiyo. Barua ile niliiandika upya mimi mwenyewe, tena bure.

ntfs-3g na ntfs3

Sasa diski imefungwa vizuri na unataka kuandika. Linux ina njia mbili zilizozoeleka za kuandika NTFS, na majina yake yanafanana kiasi cha kuudhi.

ntfs-3g ndiyo kongwe. Toleo lake imara la kwanza lilitoka Februari 2007, na kabla yake draiva ya NTFS iliyokuwa ndani ya kerneli (kiini cha Linux) ilikuwa ya kusoma zaidi, kuandika kwake kukiwa kwa mipaka finyu sana. (Draiva hiyo ya zamani iliondolewa kwenye Linux 6.9 mwaka 2024, sikusikia aliyelia.) ntfs-3g haiishi ndani ya kerneli. Inafanya kazi nje kama programu ya kawaida kwa kupitia FUSE, njia ya kuendesha draiva za aina hii nje ya kerneli, kwa hiyo kila kipande cha data hupita mlango mmoja zaidi kabla ya kufika kwenye diski. Mlango huo unakula prosesa.

ntfs3 imo ndani ya kerneli yenyewe. Iliandikwa na kampuni ya Paragon Software, ikapelekwa kwa watunza kerneli mwaka 2020, ikaingia kwenye Linux 5.15 ya Oktoba 2021. Kama kerneli yako ni ya baada ya hapo na watengenezaji wa Linux unayotumia hawakuizima, unayo tayari.

Kwa kasi, ntfs3 inashinda, ila uangalie inashinda wapi. Kwenye SSD ya ndani, au faili ndogondogo maelfu kwa maelfu, tofauti unaiona bila saa, na feni ya laptopu nayo inatulia. Kwenye diski ya nje iliyochomekwa tundu la USB 2 huoni kitu, kwa sababu waya ule kwa vitendo hupitisha megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde tu. Video ya gigabaiti 60 itachukua karibu nusu saa, draiva yoyote utakayochagua. Watu wengi wanaohangaika kubadili draiva wangepata zaidi kwa kuhamia lile tundu la buluu, la USB 3.

Kinachonigusa zaidi ni tabia ya kila moja diski ikiwa na hitilafu. ntfs-3g ikikuta diski ambayo Windows hakuifunga vizuri inakufungulia kwa kusoma tu na kukueleza sababu kwa sentensi kamili. ntfs3 ikikuta ile alama hukataa kabisa kupachika kwa kuandika, na unachokiona ni hiki:

```
mount: /mnt/kazi: wrong fs type, bad option, bad superblock on /dev/sdb1
```

Mgeni akisoma "bad superblock" anadhani diski imekufa. Nimeona mtu akijiandaa kuifomati. Ukweli uko kwenye `sudo dmesg | tail`, ambako ntfs3 inasema `volume is dirty and "force" flag is not set!`. Diski ni nzima, ina ile alama tu. Chaguo la `force` lipo na linafanya kazi, lakini kutumia nguvu kwenye diski usiyojua imepitia nini ni kamari. Kama shida ni kuokoa faili, ipachike kwa `-o ro`, nakili unachotaka, ukarabati uje baadaye.

Ukitaka kujua diski yako imepachikwa na ipi sasa hivi, uliza:

```
findmnt -no FSTYPE,OPTIONS /mnt/kazi
```

Ikijibu `fuseblk`, hiyo ni ntfs-3g. Ikijibu `ntfs3`, hiyo ni ya kerneli. Herufi zinazofuata, `rw` au `ro`, ndizo jibu la kama unaweza kuandika.

Kuna kisa cha tatu kinachowachanganya watu: diski iko `rw`, lakini bado unazuiwa, kwa sababu ilipachikwa kwa jina la root, msimamizi mkuu wa Linux. Hapa ndipo chmod inakuwa danganyifu. Kwenye ntfs-3g, kwa hali ya kawaida, chmod na chown hazilalamiki wala hazibadilishi chochote. Unapiga amri, kimya, unadhani imekubali. Ruhusa za diski ya NTFS hupangwa wakati wa kupachika, si baadaye. Mstari wangu wa `/etc/fstab`, faili inayoiambia Linux ipachike diski zipi, kwa patisheni ya ndani ninayoshirikiana na Windows ni huu:

```
UUID=01D7A3F0C2B4E680 /mnt/kazi ntfs3 uid=1000,gid=1000,umask=022,windows_names,nofail 0 0
```

UUID yako, yaani kitambulisho cha diski, utaipata kwa `lsblk -f`, na ya NTFS ni hizo tarakimu 16 zilizoshikana. `uid=1000` kwa kawaida ndiye mtumiaji wa kwanza wa kompyuta, hakikisha kwa amri ya `id`. `nofail` usiisahau, la sivyo siku diski isipokuwepo kompyuta inaweza kugoma kuwaka vizuri. Na `windows_names` inazuia majina ambayo Windows hawezi kuyafungua. Bila hiyo Linux itakuruhusu kuandika faili yenye jina `Harusi: siku ya 2?.mp4`, kisha mteja akifika nyumbani Windows anaikataa, na simu inapigwa kwako. Ukitaka ntfs-3g, badilisha neno `ntfs3` liwe `ntfs-3g`, mengine yanabaki vilevile.

Umeme ukikatika

Hoja ninayoisikia sana ni kwamba NTFS ni salama kuliko exFAT kwa sababu ina daftari la mabadiliko: kabla mfumo haujagusa jambo, unaandika kwanza unachotaka kufanya, ili umeme ukikatika katikati ujue pa kuanzia. Ni kweli, kwa Windows. Kwa Linux si hivyo. ntfs3 inaweza kusoma daftari alilotuachia Windows na kumalizia yaliyoachwa njiani, na hilo ni zuri. Lakini yenyewe inapoandika, haiweki daftari kama Windows anavyoweka. ntfs-3g nayo haiweki. Kwa hiyo umeme ukikatika huku Linux ikiandika kwenye NTFS, ile kinga unayoitegemea haipo.

Tena, Linux haina chombo cha kukarabati NTFS kilicho kamili kama chkdsk. Diski ikiharibika kweli lazima utafute Windows. Mimi hili ndilo huliweka juu ya kasi: kabla hujachagua umbizo la diski utakayoitegemea kila siku, jiulize ni kompyuta ipi utakayokuwa nayo siku itakapokataa kufunguka. Kama kwako hakuna Windows hata moja, kuweka kazi zako kwenye NTFS ni kununua gari ambalo fundi wake yuko mkoa mwingine.

Na usiamini kidirisha cha kunakili kikikuambia kimemaliza. Linux hupokea data kwenye RAM kwanza, kisha huiteremsha kwenye diski taratibu. Piga `sync` usubiri irudi. Baada ya kunakili gigabaiti kadhaa kwenye flashi ya bei nafuu, nimesubiri dakika tano nzima huku kidirisha kikisema asilimia 100 zamani. Kisha ondoa diski kwa kitufe chake cha kuondolea, ndipo uchomoe.

exFAT, na ndugu yake mzee FAT32

exFAT ni umbizo la Microsoft, la mwaka 2006. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa maelezo yake hadharani na kukubali itumike kwenye Linux. Draiva ya kwanza ikaingia na Linux 5.4 mwaka huohuo, na iliyo bora zaidi, kutoka Samsung, ikaja na 5.7 mwaka 2020. Kwa hiyo leo unachomeka tu na kuandika. Kadi za kamera za SDXC, zile za zaidi ya gigabaiti 32, hutoka kiwandani na exFAT, na hiyo peke yake inatosha kwa sisi wa video. Mac nayo inaandika exFAT, wakati NTFS huisoma tu kama hujaiongezea programu.

Kizuri chake kingine: exFAT haihifadhi ruhusa za watumiaji, basi huna pa kugombania. Na Linux inaweza kuikarabati yenyewe kwa `fsck.exfat`, iliyomo kwenye kifurushi cha exfatprogs.

Ubaya wake ni kwamba haina daftari, na kwa kawaida ina nakala moja tu ya jedwali la faili, ambapo FAT32 huweka mbili. Uichomoe vibaya mara kadhaa, siku moja utakuta folda tupu. Pia haijui viungo vya faili, kwa hiyo wanaoandika programu wakiweka miradi yao humo watakutana na makosa ya ajabuajabu. exFAT ni gari la kubebea mizigo, si ghala.

FAT32 ninaitaja kwa ajili ya redio za magari na televisheni za zamani. Faili moja haiwezi kuvuka gigabaiti 4, na video ya harusi haijui kukaa chini ya hapo. Nyimbo, sawa.

Je, uache kabisa maumbizo ya Windows?

Kama diski haitaondoka kwenye Linux, ifomati kwa ext4, umbizo la Linux yenyewe, na haya yote yasahau. Ina daftari linalofanya kazi, ina ruhusa za kweli, na chombo chake cha ukarabati unacho. Windows haitaiona kwa kawaida, ingawa Windows 11 inaweza kuipachika kupitia `wsl --mount` kwa anayeijua njia. Kwa ofisi ndogo yenye kompyuta mbili tatu, pengine jibu ni kuiacha diski kwenye Linux na kuigawa kwa Samba, programu ya kushirikisha faili kwenye mtandao. Mwenye Windows anaiona kama folda ya mtandaoni, wala hajui kilichomo chini.

Kizingiti cha mwisho ni BitLocker, kufuli la siri la Windows kwa diski nzima. `lsblk -f` ikikuonyesha neno hilo mahali pa `ntfs`, diski imefungwa kwa siri na draiva zote mbili hazitakusaidia mpaka ufungue kufuli kwanza. Tangu toleo la 2.3 la mwaka 2020, cryptsetup, programu ya Linux ya kufungua makufuli ya namna hiyo, inaweza:

```
sudo cryptsetup open --type bitlk /dev/sdb1 kufuli
sudo mount -t ntfs-3g -o uid=1000,gid=1000 /dev/mapper/kufuli /mnt/kazi
```

Utaombwa neno la siri, au ule ufunguo wa tarakimu 48 ambao mwenye diski aliambiwa autunze. Kama mwenye diski haujui, mrudishie diski yake.

Kwa wanaopenda kuona kwa jicho moja:

| | Faili ya zaidi ya GB 4 | Windows na Mac | Umeme ukikatika Linux inaandika | Nani anakarabati |
|---|---|---|---|---|
| NTFS kwa ntfs-3g | ndiyo | Windows. Mac husoma tu | hakuna kinga | Windows |
| NTFS kwa ntfs3 | ndiyo | Windows. Mac husoma tu | hakuna kinga | Windows |
| exFAT | ndiyo | zote | hakuna kinga | Linux, Windows |
| FAT32 | hapana | zote | hakuna kinga | Linux, Windows |
| ext4 | ndiyo | hakuna, bila ujanja | ina daftari | Linux |

Mezani kwangu mambo yako hivi. Patisheni ya ndani ninayoshirikiana na Windows ni ntfs3, kwa sababu Windows yuko hapohapo kuikagua na Fast Startup niliizima siku ya kwanza. Diski za wateja nazipachika kwa ntfs-3g. Ni nzito kidogo, lakini ikikataa inanieleza sababu, na mteja akiwa amekaa mbele yako maelezo yana thamani kuliko megabaiti. Video ghafi zangu ziko ext4. Flashi za kupeleka kazi ni exFAT, na hakuna hata moja iliyo na kitu ambacho sina nakala yake kwingine.

Yule wa bodaboda aliondoka na harusi ya dada yake kwenye flashi yangu ya gigabaiti 128. Diski yake aliileta wiki iliyofuata, imeshapitishwa chkdsk, ikaandika bila neno. Flashi namdai mpaka leo.